Ushuru wa Huduma: Kampuni Yenye Matawi Hulipa Halmashauri Ipi?

Kampuni inayofanya biashara katika Jiji la Arusha, Usa River na Ngaramtoni imo ndani ya mamlaka ya halmashauri tatu: Jiji, Meru na Arusha. Kodi yake ya mapato, asilimia 30 ya faida, hukusanywa na TRA na kuingia Hazina. Halmashauri hazigawani kodi hiyo. Kinachozihusu ni ushuru wa huduma, uliowekwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Ushuru huu hutozwa kwenye mauzo ghafi, baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa, kwa kiwango ambacho kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 0.3. Kwa kuwa hautazami faida, hata kampuni iliyopata hasara huulipa.

Kanuni ya mgawanyo ni kwamba kila halmashauri hulipwa kwa mauzo yaliyopatikana katika eneo lake. Tuchukue mfano wa kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye mauzo ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka: bilioni 1.2 mjini, milioni 500 Usa River na milioni 300 Ngaramtoni. Kwa asilimia 0.3, Jiji hupata shilingi milioni 3.6, Meru milioni 1.5 na Arusha 900,000. Mhasibu akiandika mauzo yote chini ya makao makuu, kampuni hulipa milioni 6 zilezile wala haipungukiwi na kitu. Wanaopungukiwa ni wakazi wa Usa River na Ngaramtoni. Ndiyo maana kosa hili laweza kudumu miaka mingi pasipo mtu kulalamika.

Kiasi hicho si kidogo kama kinavyoonekana. Kampuni ishirini za namna hiyo zingeikosesha Meru milioni 30 kwa mwaka. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Katika milioni 30 hizo, milioni 3 zingekuwa za vikundi hivyo.

Duka ni rahisi kuligawia, maana bidhaa hutoka na fedha huingia mahali pamoja. Shamba la maua ni jambo jingine. Maua hulimwa na kufungashwa Usa River, ankara huandikwa katika ofisi ya mjini, na mnunuzi yuko Ulaya. Je, mauzo yamepatikana wapi? Shamba ndilo linalotumia maji na barabara za Meru, na wafanyakazi wake ndio wanaotibiwa katika zahanati za huko. Ankara ni karatasi tu.

Nchi nyingine zimelijibu swali hili kwa namna zinazotofautiana. Majimbo ya Marekani, ambayo mengi yana kodi yake ya mapato ya kampuni, yalipata sheria ya mfano mwaka 1957 iliyogawa faida kwa vigezo vitatu vyenye uzito sawa: mali, mishahara na mauzo. Siku hizi majimbo mengi hutazama mauzo pekee, na huyahesabu pale bidhaa inapofikishwa. Kwa kipimo hicho shamba letu la maua lisingeiachia Meru chochote. Ujerumani, ambako manispaa hugawana kodi ya biashara, hutumia zaidi mishahara inayolipwa katika kila eneo, na kwa kipimo hicho Usa River ingepata sehemu kubwa.

Hapa kwetu kipimo ni mauzo, kwa hiyo kumbukumbu za tawi ndizo zinazoamua. Halmashauri huhitaji mchanganuo wa mauzo wa kila tawi, si jumla ya kampuni nzima. Mkazi anayenunua saruji au mabati Usa River adai risiti ya EFD na asome anwani iliyochapishwa juu yake. Iwapo inataja mahali pengine kuliko duka alimonunulia, taarifa hiyo ifikishwe kwa mtendaji wa kata au kwa diwani, pamoja na nakala ya risiti.