Polisi wa Uingereza wanaobeba bunduki: Wanapatikanaje, na wanahofia nini?

Ukimuuliza njia polisi wa doria jijini London, mtazame kiunoni. Utaona pingu, redio, rungu, na pengine bunduki ya umeme aina ya Taser. Bastola, hapana.

Mtindo huo ni wa tangu 1829, Robert Peel alipoanzisha jeshi la polisi la London: polisi awe raia mwenye sare, si mwanajeshi. Ni Ireland Kaskazini tu ambako polisi hubeba bastola kila siku.

England na Wales zina maofisa wa polisi zaidi ya 140,000. Wenye kibali cha bunduki ni kama 6,000 tu.

Wanapatikanaje?

Hakuna anayelazimishwa. Ofisa anajitolea mwenyewe, baada ya kumaliza miaka miwili ya majaribio kama polisi wa kawaida.

Anapimwa afya, macho na pumzi. Kwenye mbio za kwenda na kurudi mita 15, ambazo kasi yake hupanda kila baada ya muda, polisi wa kawaida anatakiwa kufika kiwango cha 5.4. Anayetaka kazi ya gari la silaha lazima afike 9.4.

Akipita, anaingia kozi ya wiki kadhaa. Kulenga shabaha ni sehemu tu ya kozi hiyo. Kazi ngumu ni kuamua: mtu anageuka ghafla na kitu mkononi. Ni simu au ni bastola?

Anafundishwa kuongea kwanza na kutafuta njia ya kumaliza jambo bila risasi. Akilazimika kufyatua, analenga kifuani. Mguu ni shabaha ndogo, tena unasogea, na risasi ikiukosa inaweza kumpata mpita njia.

Hatari ikiisha, maofisa haohao ndio wanaoanza kumpa huduma ya kwanza mtu waliyempiga.

Kazi yenyewe ikoje?

Magari ya polisi wenye silaha yalianza kuzunguka London mwaka 1991. Kwa kawaida ndani yake kuna maofisa watatu.

Juni 3, 2017, washambuliaji watatu waliua watu 8 eneo la London Bridge. Polisi waliwaua wote watatu ndani ya dakika 8 tangu simu ya kwanza ipigwe.

Siku kama hiyo ni nadra. Katika mwaka ulioishia Machi 2023, England na Wales zilikuwa na operesheni za silaha zaidi ya 18,000. Polisi waliwafyatulia watu risasi kwenye matukio 10 tu.

Sasa hofu iko wapi?

Kila risasi ina mwenyewe. Kamanda anaweza kuruhusu silaha itumike, lakini anayefyatua ndiye atakayejieleza mbele ya sheria kwa nini alifyatua. Mtu akifa, chombo huru kinachoitwa IOPC kinachunguza.

Uchunguzi huo una sababu. Mwaka 2005, polisi walimuua Jean Charles de Menezes, Mbrazili asiye na hatia, kwenye treni kituo cha Stockwell wakidhani ni mlipuaji.

Septemba 2022, ofisa alimpiga risasi Chris Kaba, aliyekuwa ndani ya gari na hakuwa na silaha. Mwaka mmoja baadaye ofisa huyo alishtakiwa kwa mauaji. Wenzake zaidi ya 100 wakasalimisha vibali vyao vya bunduki, na jeshi likaombwa kukaa tayari kusaidia.

Oktoba 2024 mahakama ilimwachia huru. Siku chache baadaye serikali ikatangaza kuwa majina ya maofisa wanaoshtakiwa kwa matukio ya aina hii yatafichwa hadi wapatikane na hatia.

Familia za waliouawa zinataka polisi awajibike kama raia mwingine yeyote. Maofisa nao wanauliza nani atajitolea, ikiwa uamuzi wa sekunde moja unaweza kumpeleka kizimbani kwa kosa la mauaji. Na kwa kuwa bunduki hizi ni za hiari, wakigoma kuzibeba, hakuna wa kuwalazimisha.