Mashimo ya Uani na Wenyewe

Uchindile ni mahali palipo upande wa kusini-magharibi wa bonde la Kilombero, ambapo nchi huacha kuwa tambarare na kuanza kupanda kuelekea milima ya Mufindi. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976, hupita huko, na misonobari imepandwa juu ya vilima; lakini pori li karibu bado. Kwa hiyo mwenye nyumba hakosi kuona, asubuhi moja, shimo jipya nyuma ya jiko lake. Jana halikuwapo. Leo lipo, na udongo mbichi umetapakaa mbele yake.

Ndipo huanza fujo. Mmoja ataka kulimwagia maji ya moto, mwingine aja na jembe, na mtoto amekwisha piga magoti ili atie mkono ndani. Mtoto huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote, maana hajui aliyemo; wala wale wakubwa hawajui. Hata hivyo shimo lina alama zake, na mtu mwenye subira aweza kuzisoma kabla ya kutenda neno lo lote.

Alama ya kwanza ni ukubwa. Tundu lenye upana wa vidole viwili au vitatu, lenye kijia chembamba kitokacho mlangoni kwenda ghalani, ni la panya shamba. Huyu ni mdogo, lakini jike wake aweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa uzazi mmoja, na baada ya mvua njema panya hawa huongezeka kupita kiasi. Aonaye tundu moja na atafute la pili, kwa kuwa panya hapendi nyumba yenye mlango mmoja tu.

Shimo ambalo ngumi ya mtu mzima ingepita bila kugusa kando huwa mara nyingi la panya buku. Uzito wake hufika kilo moja na kuzidi, ncha ya mkia wake ni nyeupe, na ndani ya mashavu ana mifuko ambayo huijaza karanga na mahindi, akaenda kuyaficha chini ya nchi. Watu humchukia kwa wizi huo, wala si bure. Lakini haifai kumdharau. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa tangu 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kutambua ugonjwa wa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, jina lake Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akavumbua mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya 100, na mwaka 2020 chama kimoja cha Uingereza kitunzacho wanyama kikampa nishani ya dhahabu.

Fuko ni habari nyingine, kwa kuwa mlango wake hauonekani. Aonyeshavyo kuwapo kwake ni vichungu vya udongo, kimoja baada ya kingine, kama mafungu ya viazi yaliyopangwa sokoni. Kisha mhogo mmoja hunyauka katikati ya mihogo mizima, na ukivutwa hutoka mti mtupu, mzizi umekwisha liwa. Fuko huchimba kwa meno, tena hapendi upepo wala mwanga uingie katika njia yake. Njia ikifunuliwa, hurudi kuiziba. Wakulima waijua tabia hiyo. Huifunua njia, kisha husimama na jembe bila kukanyagakanyaga, maana fuko haoni vema lakini husikia mtikisiko wa ardhi.

Shimo likiwa kubwa kiasi cha mtu kuweza kutambaa ndani, aliyelichimba huwa ni muhanga. Ni mnyama wa usiku, mwenye masikio marefu mfano wa punda na pua ndefu, na miguu yake ya mbele ina vidole vinne vyenye makucha ya nguvu. Hali mahindi, hali kuku; chakula chake ni mchwa na sisimizi. Ameingia uani kwa sababu ya kichuguu tu. Lakini muhanga huchimba, huhama, huchimba tena pengine, na nyumba alizoziacha hazikai tupu. Nungunungu hukaa humo, na fisi, na ngiri, na chatu pia. Ukubwa wa shimo, basi, humtaja fundi aliyejenga. Haumtaji mpangaji wa leo.

Ili kumjua mpangaji yafaa kutazama kilicho mlangoni. Miiba myeupe na myeusi, pamoja na mifupa iliyotafunwa, ni ya nungunungu. Ngiri ana desturi ya kuingia kinyumenyume, kichwa na pembe zikielekea nje, naye hutoka mbio. Mtu asisimame kabisa mbele ya shimo asilolijua. Utando wa buibui wenye vumbi na majani makavu huonyesha kwamba hapapiti mtu siku nyingi. Ikiwa alama hazitoshi, majivu hunyunyizwa mlangoni jioni, na asubuhi nyayo husomwa kama maandiko.

Hata tundu la panya si la kuaminiwa. Nyoka wengi hawachimbi; huingia kwa panya, humla mwenyeji, kisha hulala nyumbani mwake. Fira na swila hufanya hivyo, na koboko hupenda vichuguu vilivyo na matundu. Hiyo ndiyo sababu ya kukataza mkono. Mtu akiumwa, alazwe atulie, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, naye achukuliwe upesi hospitali. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba kwa nguvu, maana mambo hayo yamezidisha madhara kwa wengi.

Yuko na mpangaji mwingine, mdogo kuliko punje ya mahindi anapokuwa na njaa, ambaye watu humsahau. Huyu ni papasi. Hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo, na ndugu zake huishi katika mashimo ya ngiri. Huuma usiku, hurudi mafichoni, na aweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Huleta homa inayopoa na kurudi tena na tena. Mwaka 1905 mganga Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alikuwa akiichunguza homa hiyo na papasi wake mashariki ya Kongo. Ikamshika yeye mwenyewe, akafa Kasongo mwaka huo huo. Karibu zaidi na Uchindile, Rudolf Geigy wa Uswisi, aliyeanzisha maabara mjini Ifakara katika miaka ya 1950, alijishughulisha sana na papasi. Tena papasi wa mashimo ya ngiri hubeba homa ya nguruwe, isiyomdhuru ngiri lakini huua nguruwe wafugwao. Mwenye banda la nguruwe asilijenge karibu na shimo kuukuu.

Sasa laja swali la kufanya nini. Kwa panya, kazi kubwa si shimoni bali ghalani: kihenge kiinuliwe juu ya miguu, na kila miguu ivikwe bati ili panya ateleze, nyasi na takataka ziondolewe ukutani, kisha ndipo matundu yazibwe kwa mawe na udongo ulioshindiliwa. Bila hayo, kuziba ni kuwapa panya kazi ya jioni moja. Sumu ni mbaya uani, kwa sababu paka, bundi na kuku hufa pamoja na panya, na watoto hucheza hapo hapo. Moto wa kuwafukiza umeteketeza nyumba za nyasi. Na panya wakionekana wamekufa wengi bila sababu, wasiguswe, bali mganga apewe habari: tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara zaidi ya miaka 20, na viroboto humkimbia panya aliyekufa wakamtafuta mtu.

Muhanga na wanyama wakubwa wana sheria inayowalinda, basi habari zao zipelekwe kwa afisa wa wanyamapori. Shimo lililothibitika kuwa tupu lifukiwe kabla ya masika, lisije likajaa maji na kuvunja mguu wa ng'ombe au kumzamisha mtoto. Mawe makubwa hutangulia, udongo hufuata, kila tabaka hushindiliwa. Siku ya tatu mwenye nyumba hurudi kutazama. Udongo ukiwa umesukumwa kutoka ndani, majivu yalisomwa vibaya, na mwenyeji alikuwa amefungiwa. Ukiwa umefukuliwa kutoka nje, alikuwa matembezini, naye amerudi kwake.