Je, Wajua? BIOS husasishwa kabla ya prosesa kung'olewa

Kubadilisha prosesa katika kompyuta iliyoundwa nyumbani huanza kabla bisibisi haijaguswa. Kwa mfano, soketi ya AM4, yenye matundu 1,331, hupokea prosesa za Ryzen za mwaka 2017 hadi kizazi cha 5000 kilichotoka 2020. Hata hivyo, ubao mama wa zamani hauitambui prosesa mpya mpaka BIOS yake, yaani programu ya kuiwasha, isasishwe, na kazi hiyo hufanywa prosesa ya awali ikiwa bado mahali pake.

Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, hatua hiyo ndiyo yenye hatari kubwa. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ubao unaweza usiwake tena kamwe. Mvua za radi hupiga Kisumu zaidi alasiri na jioni, upepo wa ziwani unapokutana na ule wa nyanda za juu. Kwa hiyo asubuhi tulivu ndiyo saa ya busara, na UPS yenye betri nzima haifai kukosekana.

Joto nalo lihesabiwe. Mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30 au kuzipita, ilhali Ryzen 7 5800X, ya wati 105, huuzwa bila feni; 5600X, ya wati 65, huja na yake. Kasha husafishwa vumbi pamoja na mizoga ya wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Ute mkavu wa kupitishia joto hufutwa kwa spiriti, kisha mpya hupakwa kiasi kidogo tu.