Kabla ya kulipa ili tuonekane kwenye Google: namna ya kuandika ombi la mapendekezo

Jumuiya yenye tovuti, shule na kituo cha afya haikosi siku hizi kupata ujumbe wa namna hii: "Mtulipe kila mwezi, nasi tutaweka kanisa lenu namba moja kwenye Google." Fedha inayoombwa ni sadaka ya watu wanaouza mihogo na samaki sokoni. Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, kanisa liandike ombi la mapendekezo, yaani hati inayoeleza kazi tunayoitaka na kualika kila kampuni ijibu maswali yaleyale kwa maandishi. Waliosoma kwa Kifaransa watakumbuka cahier des charges. Sehemu kubwa ni jambo hilohilo.

Ile ahadi ya namba moja tuimalize kwanza. Google yenyewe, katika maelezo yake kwa wenye tovuti, imeandika kwamba hakuna mtu anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo haiuzwi. Kinachouzwa ni matangazo, nayo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba ni matangazo. Kampuni ikiahidi namba moja, mimi ningeiweka kando bila kusoma ukurasa wake wa pili.

Sehemu ya kwanza ya ombi ndiyo ngumu, na hakuna kampuni inayoweza kutuandikia: ni nani anayetutafuta, na anaandika maneno gani? Hapa Kindu, mama mjamzito wa Alunguli anataka kujua kama kituo cha afya cha kanisa upande wa Kasuku kina mkunga usiku, kabla hajavuka mto. Mzazi anatafuta shule na gharama ya kuandikisha mtoto. Ndugu aliyehamia Marekani anatafuta namba ya simu ya parokia ili aombe cheti chake cha ubatizo. Hao watatu hawaandiki jina letu refu la kisheria. Jumuiya za ECC zinajulikana kwa herufi na namba: CBCA ni ya 3, CELPA ni ya 5, CEPAC ni ya 8, na kuna waumini wanaotaja namba tu. Mmoja ataandika Kifaransa, mwingine Kiswahili, mwingine atachanganya vyote viwili katika mstari mmoja. Kampuni iliyo mbali haijui hayo. Kaeni jioni moja na karani wa shule, muuguzi na kijana mmoja wa kwaya, mwandike maswali ishirini ambayo watu huwauliza kwa simu. Orodha hiyo iwekwe ndani ya ombi, na kila kampuni iseme itafanya nini ili anayeuliza apate jibu. Semeni pia kwamba wasomaji wetu wananunua mega kidogo kidogo, hivyo kurasa ziwe nyepesi.

Kisha ulizeni watafanyaje kazi. Google husoma kurasa, huziweka katika faharasa yake, tena huangalia ni tovuti zipi nyingine zinazoelekeza kwako. Kiungo kutoka tovuti nyingine ni kama ushuhuda wa jirani. Basi kuna wanaonunua mashahidi: wanalipa tovuti nyingi zisizo na uhusiano wowote nawe ili zikutaje. Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilishushwa na Google baada ya gazeti la New York Times kufichua viungo vya namna hiyo. Mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa muda, kwa sababu ya kurasa zilizoonyesha Google jambo moja na mgeni jambo jingine. Hao walikuwa na mafundi na wanasheria wa kurekebisha mambo. Parokia haina. Ombi liseme waziwazi: hakuna viungo vya kununua, hakuna kurasa za siri, na kila badiliko liandikwe katika ripoti ya mwezi kwa lugha ambayo baraza la wazee linaielewa.

Jambo linalosahauliwa ni funguo. Jina la tovuti, liwe la .cd au la .org, lisajiliwe kwa jina la kanisa, si la fundi. Vivyo hivyo akaunti ya Search Console, ambayo ni ya bure na inaonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi wakatuona. Na wasifu wa kanisa kwenye ramani ya Google, ambao pia ni wa bure. Kampuni ipewe ruhusa ya kuingia, na mkataba ukiisha ruhusa hiyo iondolewe. Bila sharti hili, siku mtakapoachana na fundi anaweza kuondoka na jina ambalo waumini wamelizoea.

Kuhusu malipo, Google inasema matokeo kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja. Basi gawanyeni: sehemu baada ya uchunguzi wa tovuti, sehemu baada ya marekebisho, kinachobaki kila miezi mitatu. Tajeni kiasi cha juu mlichonacho. Wengine huona kutaja bajeti ni kujiuza. Mimi naona kuificha kunaleta mapendekezo ya dola elfu tano kwa parokia yenye mia tano. Na kipimo kiwe simu zinazopigwa kwenye kituo cha afya, na wazazi wanaosema waliiona shule mtandaoni.

Wakati wa kuchagua, wekeni tarehe ya mwisho, na mpange alama za kila sehemu kabla ya kufungua bahasha. Kampuni moja ikiuliza swali, jibu lipelekwe kwa zote. Tena, tuseme ukweli: mara nyingi fundi ni mpwa wa mchungaji au mtoto wa mzee wa kanisa. Hazuiwi kuomba, lakini ndugu yake atoke chumbani wakati wa kutoa alama, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao.