Panya Alipokuja Mezani

Mama mwenzetu, je, umewahi kumpeleka mtoto mahali pa furaha ukarudi naye akiwa analia? Sisi tumewahi. Tumeona vema tukusimulie yaliyotupata, maana sikukuu huja kila mwaka, na wengi wetu hupenda kuwafurahisha watoto bila kujiuliza kama furaha hiyo ni yao au ni yetu.

Sisi ni wanawake saba wa Mkumbara, wilaya ya Korogwe, hapa chini ya milima ya Usambara inapopita barabara kuu ya kwenda Moshi. Watoto wetu wamezoea kuyapungia mkono mabasi yanayokwenda mbali. Wao wenyewe husafiri mara chache. Mwaka 2023 tulikubaliana kuweka kando shilingi elfu moja kila mmoja, kila Jumapili, ili tarehe 26 Desemba tuwapeleke Tanga mjini wakaione bahari, kisha wale chakula cha mchana mahali pazuri. Tulikuwa tumesikia kwamba hoteli moja huko inaandaa karamu ya watoto, ambapo watu waliovaa mavazi ya katuni hupita mezani kuwasalimu watoto na kupiga nao picha.

Mtindo huo umetoka mbali. Mwaka 1955 Walt Disney alifungua bustani yake kubwa ya michezo huko Anaheim, California, Marekani. Humo watoto hukutana na wale waliowaona katika filamu, kama Mickey Mouse, yule panya aliyeanza kujulikana mwaka 1928. Bustani nyingine za kampuni hiyo zilifuata: Florida mwaka 1971, Tokyo mwaka 1983 na karibu na Paris mwaka 1992. Katika baadhi ya mahoteli yake familia huketi kula, na katuni huja meza kwa meza. Wale waliofunikwa nyuso hawasemi. Huongea kwa mikono na kwa kucheza. Wala hawaruhusiwi kuvua kichwa mbele ya wageni, ili mtoto aendelee kuamini. Jambo hilo limeenea duniani, na sasa hata katika miji yetu utamwona panya mkubwa akicheza kwenye sherehe za watoto.

Basi alfajiri ile tulipanda Kosta tuliyoikodi, tukapita Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, watoto wakiimba njia nzima. Tulianzia Raskazoni, wakachovya miguu baharini na kuokota makombe. Ilipofika saa saba mchana tuliingia ukumbini. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe. Palikuwa na pilau, kuku, chipsi na soda. Tukaomba kabla ya kula, watoto wakashika vijiko.

Hapo ndipo muziki ulipopigwa kwa nguvu, mlango ukafunguliwa, na panya mrefu kuliko baba zao akaingia akirukaruka.

Tulicheka

Watoto wakubwa walishangilia. Lakini mwana wa mwenzetu mmoja, mvulana wa miaka mitatu na miezi michache, aliangusha kijiko. Alipiga yowe tusilowahi kumsikia akilipiga, akapanda juu ya mama yake kama anayekimbia mafuriko. Panya alipomwona analia alidhani akimkaribia atambembeleza, akainama na kunyoosha mikono yake minene. Mtoto akajikojolea.

Tunaungama kwamba sisi wengine tulicheka. Tena tulimshauri mama yake vibaya. Mmoja wetu alisema, “Mshike vizuri, atazoea.” Mwingine akasema, “Baba yake anangoja picha.” Naye mama, kwa kuona watu wa meza nyingine wanatazama, na kwa kukumbuka zile Jumapili zote za kuchangia, alimkamata mtoto mikono yote miwili akamweka kifuani pa panya. Picha ikapigwa. Tulipoitazama baadaye hakuna aliyetaka kuichukua.

Mtoto yule hakula tena. Sahani yake ya pilau ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Baada ya muda tulikwenda nyuma ya jengo kuwanawisha watoto kwenye bomba. Tukamkuta kijana mmoja ameketi juu ya kreti la soda, amevaa mwili wa panya, na kichwa cha panya kimewekwa chini karibu na miguu yake. Jasho lilimtiririka kama aliyemwagiwa maji. Akasimama na kusema, “Shikamooni, mama zangu.” Tukamwitikia, tukampa pole kwa joto. Akatuambia kwamba ndani ya kichwa kile huoni vizuri, kwamba tundu la kutazamia liko mdomoni, na mtoto mdogo akiwa karibu na miguu hujui yuko wapi. Alisikitika kwa yule aliyelia. Akamwambia, “Mdogo wangu, ni mimi tu.”

Sisi tulifurahi, tukasema sasa mtoto ameona mwenyewe, mambo yamekwisha. Kumbe hayakwisha. Tulipokuwa tumevuka Korogwe, giza limeshaingia, mtoto aliuliza kwa sauti ndogo, “Mama, yule panya alimmeza kaka?”

Ndani ya gari palikuwa kimya. Hakuna aliyecheka safari hii.

Mtoto huona nini?

Usiku ule na siku zilizofuata mtoto alikataa kulala peke yake. Alikataa kwenda chooni bila kushikwa mkono. Kitanda kilichokuwa kimekauka tangu miezi mingi kikalowa tena. Mama yake alitujia akilia, akasema, “Nilimpa kwa mikono yangu mwenyewe.” Maneno hayo yalitugusa sote, maana mikono ilikuwa yake lakini ushauri ulikuwa wetu.

Tulipoanza kuuliza na kusoma, tuligundua kwamba mtoto hakuwa na deko wala ukaidi. Fikiri kwanza jinsi panya anavyojulikana huku kwetu. Panya hula mahindi darini na kutafuna nguo sandukuni. Akionekana, mama huchukua ufagio na kelele hupigwa. Mtoto aliyelelewa hivyo leo anamwona panya mkubwa kuliko mbuzi akija mezani, na mama yake, badala ya kushika ufagio, anamsogeza mtoto kwa panya! Katuni ile sisi wakubwa tunaijua kwa sababu ya televisheni. Yeye alimjua panya wa darini tu.

Jambo la pili ni la umri. Kuanzia miezi minane hivi mtoto huanza kuwaogopa wageni, na hiyo ni dalili njema kwamba anamtambua mama yake. Akifika miaka mitatu anajua mengi, lakini bado ni vigumu kwake kutenganisha kitu kilivyo na kinavyoonekana. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Rheta DeVries, aliandika juu ya jaribio alilofanya kwa kumtumia paka mpole aitwaye Maynard. Watoto walimshika kwanza paka huyo. Kisha alifunikwa uso kwa kinyago cha mbwa mkali. Wengi wa watoto wa miaka mitatu waliona kwamba sasa amekuwa mbwa. Wale wa miaka sita kwa kawaida walijua kwamba ni paka yule yule aliyevalishwa uso mwingine.

Kwa hiyo tuliposema, “Ni mtu tu, mjinga wewe,” tulikuwa tunamtaka mtoto wa miaka mitatu awe na akili ya mtoto wa miaka sita. Alipomwona kijana na kichwa cha panya pamoja, alitafuta maelezo kadiri ya uwezo wake: panya alimmeza mtu, kisha mtu akatoka. Kwa akili yake hilo lilikuwa na maana kabisa.

Wazee wetu walizijua nguvu za uso uliofunikwa. Wamakonde wa Mtwara na wa kaskazini ya Msumbiji wana ngoma ya mapiko, ambayo mchezaji hufunika kichwa kizima kwa kinyago cha mti. Ngoma hiyo iliendana na jando na unyago, na zamani wanawake pamoja na watoto ambao hawajapita jandoni hawakupaswa kujua kwamba ndani mna mtu. Kinyago kilikusudiwa kutisha, na kijana alionyeshwa siri yake alipofikia umri. Sisi tulimpelekea kinyago mtoto ambaye hata kufunga vifungo vya shati hajui, tukashangaa kwamba anaogopa.

Kama unakusudia kwenda

Hatusemi usiwapeleke watoto. Wale wa miaka saba na minane mpaka leo wanaisimulia siku ile kwa furaha. Tunasema mpeleke mtoto kwa kumjua alivyo. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Tazameni kwanza mkiwa nyumbani. Mwonyeshe mtoto picha ya huyo katuni, mwambie jina lake, mwambie wazi kwamba ni mtu aliyevaa nguo. Usimdanganye ili kumchangamsha, wala usimtishie kwa kusema, “Usipokula namwita panya.” Mtoto akikuta siku moja kwamba mama anatumia hofu yake kama fimbo, atamkimbilia nani?

Ketini mbali na mlango na mbali na vipaza sauti. Wakati mwingine kelele hutisha kuliko vazi. Mpe mtoto chakula mapema, kabla katuni hawajaingia, maana mtoto mwenye njaa na usingizi hulia hata kwa jambo dogo.

Katuni akija, mama awe wa kwanza kumsalimu. Mtoto hutazama uso wa mama yake kuliko kitu chochote. Akikuona umetulia, naye hutulia. Akitaka kupunga mkono kwa mbali, inatosha. Akijificha nyuma ya kanga yako, mwache hapo. Mwambie aliyevaa vazi kwa upole, “Mwanangu, huyu bado mdogo, pita tu.” Atakushukuru.

Usimlazimishe kwa ajili ya picha. Picha ya mtoto anayelia haimfurahishi baba wala bibi.

Wakubwa nao wafundishwe adabu. Siku ile mvulana wetu wa miaka minane alimvuta panya mkia na kumpiga ngumi mgongoni, akidhani ni mchezo. Tulimpeleka kwa yule kijana kumwomba radhi. Ndani ya vazi mna mtoto wa mama mwingine anayetafuta riziki katika joto la Desemba. Mpeni maji, mpeni shukrani.

Tulivyomsaidia

Mama wa mtoto yule alifanya jambo la kwanza lililo gumu kwa wengi wetu: alimwomba mtoto wake msamaha. Alimpakata, akamwambia, “Uliogopa, nami sikukusikiliza. Sitafanya tena.” Wapo waliomwambia kwamba mtoto mdogo haombwi msamaha, ataota kiburi. Sisi tulioona tunasema hakuota kiburi; alianza kulala.

Kisha alichukua boksi la sabuni, akakata matundu ya macho mbele ya mtoto, wakachora pamoja masharubu kwa mkaa. Alilishika mkononi siku nzima bila kulivaa. Kesho yake alilivaa na kulivua upesi, akisema kila mara, “Mama yupo.” Siku ya nne mtoto mwenyewe aliingiza kichwa ndani ya boksi, akatoka akicheka, akaenda kumtisha bibi yake jikoni. Bibi naye, kwa busara ya uzee, alijifanya ameogopa sana. Juma la tatu kitanda kilikauka.

Sikukuu ya Desemba 2024 hatukwenda Tanga. Tulitandika mikeka chini ya mwembe hapa hapa Mkumbara, tukapika pilau na maharage, tukachinja kuku sita. Kijana wa mmoja wetu alikubali kuwa Sungura, yule mjanja wa hadithi ambaye kila mtoto wetu amemsikia kwa bibi yake. Hakujificha kuvaa. Aliketi katikati ya watoto, akavaa masikio marefu ya boksi mbele ya macho yao, sikio moja kisha la pili, na uso wake akauacha wazi. Kisha akapita mkeka kwa mkeka akiomba karanga, naye Fisi wetu akimfukuza kwa kuchechemea.

Yule mtoto, sasa akiwa na miaka minne, aliketi magotini pa mama yake muda mrefu akitazama. Hakuna aliyemwita wala kumsukuma. Chakula kilipokaribia kwisha aliteremka mwenyewe, akachukua karanga tatu, akatembea mpaka kwa Sungura, akamwekea kiganjani. Kisha akarudi mbio kwa mama yake, akajificha kwenye kanga, na jicho moja likabaki nje.

Hatukupiga picha. Lakini sahani yake, mama mwenzetu, tuliitazama: ilikuwa tupu.