Swali Kabla ya Bismillahi

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha tule katika vilivyo halali na vizuri. Sifa hizi mbili zimetajwa pamoja, wala haifai kuzitenganisha. Wapo wanaotazama uzuri peke yake, wakasahau kuuliza uhalali. Na wapo wanaoshika uhalali kwa ukali, mpaka uzuri wa tabia, wa ujirani na wa shukrani ukawapotea mikononi. Mimi nilikaribia kuwa katika kundi hili la pili, na aliyeniokoa ni mpwa wangu.

Binti huyu wa dada yangu aliolewa na kijana wa Kingazija, akahamia Marseille, mji wa bandari ulio kusini mwa Ufaransa. Mji huo si mgeni sana kwa watu wa pwani. Wangazija walianza kukaa huko tangu zama za mabaharia wa meli za Kifaransa, na hata baada ya Komoro kupata uhuru tarehe 6 Julai 1975 waliendelea kuhamia. Nasi na Wangazija hatuko mbali: Habib Swaleh, aliyeasisi Riyadha ya Lamu, kwao ni Ngazija.

Nilipokwenda kuwazuru, nilikuta mpwa wangu ana deni la wema. Alipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, jirani yake, bibi wa Kifaransa aliyefiwa na mumewe, alimtunza mtoto mkubwa kwa wiki mbili. Alimpeleka shule, akamrudisha, na akamwogesha. Hakupokea zawadi yoyote. Alitaka jambo moja tu: waende pamoja kula chakula cha mchana katika mkahawa mdogo wa mtaani, ambako yeye na marehemu mumewe walikuwa wakila kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ndoa yao.

Niliposikia mkahawa wa Kifaransa, nilitamka hukumu kabla ya kuuliza. "Muombe radhi," nikasema. "Mpikie pilau, aje ale hapa."

"Mjomba," akanijibu kwa adabu, "pilau ameshakula hapa mara nyingi. Safari hii yeye ndiye ametaka kutuonyesha kwake, na kwake ni pale. Nami nimeshakwenda kumuuliza mpishi." Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea, "Mjomba, uniwie radhi kwa neno hili. Huko Mombasa ukialikwa harusi katika hoteli kubwa, wewe huuliza?"

Nilikosa jibu. Miaka mingi nimekula katika kumbi za hoteli zinazouza pombe na nguruwe, nikitosheka kwamba mwenye harusi ni Muislamu. Sikuwahi hata mara moja kuuliza viazi vile vimekaangwa katika mafuta gani.

Aliyoyauliza

Mpwa wangu hakungoja siku ya kula. Alikwenda siku mbili kabla, saa nne asubuhi, wakati jiko bado limetulia. Hakumuuliza mhudumu, bali alimwomba mpishi mwenyewe. Alikuwa na maswali manne, na ninayaandika hapa kwa sababu yanafaa mahali popote.

La kwanza: je, chunguni huingia pombe? Katika upishi wa Kifaransa mvinyo ni kiungo kama tui lilivyo kwetu. Coq au vin ni kuku aliyepikwa katika mvinyo, na jina lake linatangaza hivyo. Boeuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa katika mvinyo mwekundu, na mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe. Kome nao kwa kawaida hupikwa kwa mvinyo mweupe. Wapishi husema kwamba moto huondoa pombe yote. Sivyo. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vimeonyesha kwamba chakula kilichotiwa pombe kikachemka saa moja bado hubaki na kama robo ya pombe hiyo, na baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Na hata kama isingebaki chembe, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mvinyo ni najsi, na chakula kilichochanganyika nao hakitohariki kwa kuchemshwa. Siki ni mlango mwingine: mvinyo uliogeuka wenyewe ukawa siki, bila kutiwa kitu, umetoharika, na Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri.

La pili: mafuta ni ya nini, na kikaango hukaangiwa nini kingine? Vipande vidogo vya nguruwe hutiwa hata mahali usipovitazamia, kama katika saladi ya majani, katika dengu, na katika mkate wa mayai na malai uitwao quiche lorraine.

La tatu: nyama imechinjwa na nani? Ufaransa ina wachinjaji wa Kiislamu wanaopewa idhini kupitia misikiti mikubwa ya Paris, Lyon na Évry, na mabucha ya halali yako mengi Marseille. Lakini mkahawa wa kawaida haununui huko. Wako wanazuoni walioingiza nyama ya nchi kama hizo katika ruhusa ya chakula cha Watu wa Kitabu, na wako waliokataa kwa sababu ya namna wanyama wanavyouawa leo. Mpwa wangu hakutaka kuingia katika mzozo huo ilhali bahari iko mbele yake. Aliagiza samaki.

La nne: kitamutamu kimegandishwa kwa nini, na kimetiwa harufu gani? Gelatini nyingi ya Ulaya hutokana na nguruwe. Keki iitwayo baba hulowekwa katika pombe ya miwa, na hata malai ya chokoleti wengine huyatia matone ya pombe.

Samaki peke yake hatoshi

Hapo ndipo aliponifunza jambo ambalo sikulijua. Mpishi alimwambia kwamba wateja Waislamu anao, nao huagiza samaki, wakala, wakashukuru, wakaondoka. Hawaulizi chochote. Na samaki wake wa kila siku humwagia mvinyo mweupe kabla ya kumtia katika tanuri. Supu yake ya samaki pia huitia mvinyo na pombe ya harufu ya anisi.

Tafakari, ewe msomaji. Watu hawa waliogopa nguruwe, wakaikimbia nyama, wakaamini wamesalimika. Samaki wa baharini kweli ni halali, kwani Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba maji ya bahari ni tohara na maiti wake ni halali. Lakini uhalali wa samaki hautoharishi mchuzi. Kilichowaponza ni haya ya kuuliza, na haya inayomzuia mtu kuijua dini yake si ile haya iliyosifiwa. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Wala mpishi hakukasirika. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimu wauza chakula kuwaeleza wateja vitu 14 vinavyoweza kudhuru miili ya baadhi ya watu, kama vile karanga, maziwa na mayai. Kwa hivyo maswali ameshayazoea. Ila orodha hiyo iliwekwa kwa ajili ya maradhi, si kwa ajili ya dini. Nguruwe hayumo. Anayetaka kujua lazima afungue kinywa chake.

Meza yenyewe

Siku ilipofika tuliketi pembeni, karibu na dirisha. Mtume (S.A.W.) amemkataza anayemuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho kuketi katika meza inayozungushwa pombe, na hili ndilo lililonitia uzito kuliko chakula. Mpwa wangu alikuwa amemweleza bibi mapema. Bibi akasema kwamba basi siku hiyo sote tutakunywa maji, na maji yakaletwa katika chupa ya mezani, bure, kama ilivyo desturi ya nchi hiyo. Meza nyingine zilikuwa na mvinyo, sifichi. Mahali kama hapo si pa kuzoea, wala si pa kwenda kwa starehe tu. Niliketi kwa sababu ya haki ya jirani, ambayo Jibrili (A.S.) aliiusia mno hata Mtume (S.A.W.) akadhani jirani atafanywa mrithi.

Chakula chao hakiletwi chote pamoja kama sinia yetu. Huja kwa zamu, na kati ya zamu na zamu watu huzungumza. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo huu wa Wafaransa katika orodha ya turathi za ubinadamu, na kilichotambuliwa si pishi moja bali ni ada yenyewe ya watu kukusanyika, kula kwa mpango na kustarehe kwa mazungumzo. Nilikumbuka tulivyokuwa tukikaa mkekani na wazee wetu, kabla ya kila mtoto kushika simu yake.

Kwanza tuliletewa ratatouille: bilingani, nyanya, pilipili mboga na kitunguu vilivyoiva polepole katika mafuta ya zeituni. Kisha akaja samaki wa kuchomwa kwa shamari na ndimu, katika chombo kilichooshwa kwa ajili yetu, bila tone la mvinyo. Mwisho tuliletewa krimu karameli ya mayai, maziwa na sukari. Mjukuu wangu alipoiona akapiga kelele, "Pudini ya bibi!" Na kweli, ilikuwa ile ile inayopikwa katika nyumba zetu za Mombasa.

Bibi alipoona mtoto anasema Bismillahi kwa sauti, aliweka uma chini akangoja. Baadaye alituonyesha kiti alichokuwa akikalia mumewe, akalia kidogo, na mpwa wangu akamshika mkono. Nilijiuliza: lau ningalisikilizwa siku ile ya kwanza, bibi huyu angeujua Uislamu kwa sura gani?

Tuliorudi nyumbani

Hapa petu maswali yale manne yana kazi kubwa. Hoteli za Nyali, Diani na Malindi hupika vyakula vya kila taifa, na familia zetu huzikodi kwa harusi, semina na sherehe za watoto. Simwambii mtu aingie nyumba ya Muislamu mwenzake aanze kumhoji, kwani huo ni utovu wa adabu. Maswahaba walipouliza kuhusu nyama walioletewa na Waislamu wapya, wasijue kama imetajiwa jina la Mwenyezi Mungu, waliambiwa wataje jina lake wao wenyewe na wale. Lakini jiko linalopika nguruwe na kuuza pombe lina sababu ya kuulizwa, na wa kuuliza ni yule anayelipa, kabla hajatoa arubuni.

Akina mama, nyinyi ndio mnaopanga sherehe hizi. Andikeni masharti: vikaango mbali, mafuta mbali, mchuzi bila mvinyo, gelatini ya halali au isiwepo kabisa. Ulizeni kwa upole, mapema, na mumuulize mpishi mwenyewe.

Juzi nilialikwa harusi katika hoteli moja ya pwani. Nilikwenda jikoni nikauliza kuhusu viazi. Mpishi akaniambia bila kusita kwamba kikaango ni kimoja, na asubuhi kilikaangiwa soseji za nguruwe za wageni. Akatoa kingine kipya. Aliniambia kwamba tangu aajiriwe hapo, hakuna shekhe aliyewahi kumuuliza.

Mwenyezi Mungu atuepushe na tusiyoyajua kwa uvivu wetu wa kuuliza, na atubarikie katika riziki zetu. Amin.