Mtoto Akipasuliwa Mgongo, Nani Huangalia Miguu Yake?

Leo twazungumza nawe uliyeambiwa kwamba mgongo wa mwanao umepinda, na sharti apasuliwe ili unyooshwe kwa vyuma. Hofu yako twaijua: je, ataamka na kutembea?

Una haki ya kuuliza. Ndani ya uti wa mgongo hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni, na mtoto aliyelala hawezi kusema, "Daktari, mguu umekufa ganzi." Ndiyo maana wengine huzinduliwa kidogo katikati ya upasuaji, wakaambiwa wachezeshe vidole vya miguu. Madaktari wa Ufaransa waliieleza njia hiyo mwaka wa 1973, na bado hutumika.

Penye mashine, sindano nyembamba huwekwa kichwani na miguuni. Umeme kidogo hutumwa kutoka kifundo cha mguu na kupokewa kichwani. Mwingine hutoka kichwani, misuli ya mguu ikacheza. Mtoto hasikii lolote. Alama zikififia, madaktari husimama, hupima presha ya damu, na pengine hulegeza vyuma kabla mishipa haijaumia zaidi.

Uliza mapema hospitali yenu hutumia njia ipi. Mweleze daktari wa usingizi kama mtoto ana kifafa, au kifaa chochote mwilini. Akiamka na vitone vya sindano kichwani, au kidonda ulimini, usitishike. Umeme ule hubana taya. Lakini akishindwa kuchezesha vidole vya miguu, mwite nesi papo hapo.